Tumaini la Mti

Kiangazi cha Manyoni, katikati ya Tanzania, ni kirefu. Mvua ikishakata mwezi wa Aprili, au Mei mwaka ukiwa mwema, ardhi hukaa kavu hadi Novemba au Desemba, na hapo mkulima wa viazi vitamu ana shida ambayo jirani yake wa mtama hana. Mtama hukaa ghalani. Punje ni kavu, imejifunga, inaweza kungoja. Mbegu ya viazi ni marando, na marando yakikauka yamekwisha. Kwa hiyo hutafutiwa mahali pa kupitishia kiangazi: kando ya lambo, kwenye bonde linaloshika unyevu, au nyuma ya nyumba pale panapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Mvua ikirudi hukatwa vipande vya sentimita 30 hivi, vyenye vifundo kadhaa. Sehemu kubwa hufukiwa kwenye tuta, ncha huachwa nje. Siku mbili tatu za kwanza majani hunyauka na kulala juu ya udongo. Halafu vifundo vilivyofukiwa hutoa mizizi, majani huinuka, na shamba zima linakuwa limetoka kwenye kijieneo ambacho mbuzi mmoja angeweza kukimaliza asubuhi moja.

Mimea mingi ya majini na ya kando ya maji huishi hivyohivyo. Yungiyungi la madimbwi ya msimu linaweza kupitisha ukame likiwa kiazi ndani ya tope, na ukikigawa kile kiazi, kila kipande chenye chipukizi kinaweza kuwa yungiyungi. Huko Ulaya na Asia kuna airisi, mmea wa maua ya njano au ya zambarau unaopandwa kwenye mabwawa ya bustani, na wanaoutunza wana desturi ya kuung'oa kila baada ya miaka michache, maua yakishapita. Shina lake nene, linalotambaa chini kama tangawizi, hukatwa kwa kisu. Sehemu kuukuu ya katikati, isiyotoa tena maua, hutupwa. Vipande vya pembeni vyenye majani na mizizi mipya hupandwa upya kwa nafasi, majani yakiwa yamepunguzwa ili upepo usiving'oe. Isipogawanywa, airisi hujisonga yenyewe: maua hupungua, kitovu hufa, na uhai hubaki kwenye duara la nje. Sasa ile airisi iliyopandwa mwaka wa kwanza iko wapi? Pale ilipopandwa pameoza. Pembeni iko mimea mitano au sita, kila mmoja una haki ya kudai kwamba ndio wenyewe, na hakuna ulio na haki kuizidi mingine. Wala hakuna aliyeweka matanga.

Swali hili la bustani lina ndugu yake katika Biblia. Katika sura ya 14 ya kitabu chake, Ayubu anaweka mti na mtu pamoja na kuuonea mti wivu. Mti ukikatwa una tumaini: shina hata likizeeka ardhini, harufu ya maji inatosha kulichipusha. Mtu akifa analala, wala haamki. Wahubiri wengi huipita sehemu hii haraka, kana kwamba ni kilio cha mgonjwa ambacho Pasaka ilikuja kukifuta. Mimi nadai kwamba Ayubu aliona jambo la kweli, na kwamba anayeamini ufufuo, awe Mkristo au Mwislamu, ana sababu kubwa ya kulishikilia kuliko asiyeamini. Mti unaponyoka kwa sababu unagawanyika, na kinachogawanyika namna hiyo hakikuwa mtu fulani hata siku moja. Binadamu hagawanyiki. Ndiyo maana kifo chake ni hasara ambayo watoto, wajukuu na ukoo mzima hawawezi kuifidia, na ndiyo maana dini zilipotaka kumwahidi kitu zilimwahidi ufufuo wake yeye mwenyewe. Jambo hili linagusa misiba yetu, ambako mjane hajapata hata pa kukaa, tayari anaambiwa kwamba mzee hajafa, yumo ndani ya watoto wake.

Tuanze na ndago, gugu ambalo hakuna mkulima asiyelilaani. Chini ya ardhi ndago ni mnyororo wa viazi vidogo vilivyounganishwa kwa vijishina vyembamba. Mnyororo ukiwa mzima, vingi kati ya viazi hivyo hulala. Cha mwisho ndicho kinachochipua na kuvizuia vingine. Jembe likipita, mnyororo hukatika, na vile vilivyokuwa vimelala huamka. Mtu alikuja kuua ndago moja, ameondoka amepanda kumi. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, hakujua lolote kuhusu homoni za mimea, lakini jambo lenyewe aliliona. Katika kitabu chake juu ya roho anasema kwamba mimea na baadhi ya wadudu huendelea kuishi wakigawanywa, na akahitimisha kuwa roho iliyomo ndani ya mmea ni moja kwa hali iliyopo na nyingi kwa uwezo ilionao. Sijakutana na maelezo ya ndago yanayoyashinda hayo. Lakini tazama kinachofuata. Ikiwa umoja wa mmea unaweza kugeuka wingi kwa pigo la jembe bila kitu chochote kupotea, basi umoja ule haukuwa ukimhifadhi yeyote. Uhai umo, tena wa kutosha. Mwenye uhai ndiye asiyekuwepo. Agostino, mwanateolojia wa Kikristo, alisumbuliwa na jambo hilohilo alipoandika juu ya roho mwaka 388: anasimulia jinsi vijana walivyomkata mdudu mwenye miguu mingi na kila kipande kikaenda zake. Hakuwa na maelezo tayari, na kwa uaminifu alikiri hivyo, akasema tu kwamba jambo moja lisiloeleweka halitoshi kuangusha yale ambayo hoja nzuri zimeyathibitisha. Nadhani angeweza kusema zaidi. Mdudu yule hakupinga kwamba mtu ana roho moja. Alionyesha tu kiumbe kisicho na sababu ya kuwa na roho ya namna ile.

Historia ya kilimo chetu ina mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai pwani ya Tanga ilikuwa 62. Mkonge hutoa maua mara moja tu: baada ya miaka kadhaa huinua mlingoti, juu ya mlingoti huota vijimche vinavyoanguka na kushika ardhi, halafu mmea wenyewe hukauka na kufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tanganyika iliongoza duniani kwa kuzalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, na ukiacha chotara kilichozalishwa baadaye katika kituo cha utafiti cha Mlingano, sehemu kubwa ya mashamba yale ilikuwa ni mche wa Hindorf umegawanywa tena na tena. Je, mkonge wa 1893 ulikufa lini? Miche yote 62 ilikauka zamani. Na hata hivyo hakuna siku ambayo msimamizi wa shamba angeweza kusema kwamba leo tumepoteza kitu. Muhogo nao ni hivyo: ule uitwao Namikonga Tanzania na ule uitwao Kaleso Kenya ni mmea mmoja, uliotokana na kazi ya kuzalisha mbegu iliyofanyika katika kituo cha utafiti cha Amani enzi za mkoloni. Una majina mawili na nchi mbili, na mamilioni ya pingili zake zimekatwa. Kuuliza ni ipi kati ya hizo iliyo Namikonga ni kuuliza swali lisilo na jibu, na kukosa jibu hakumnyimi mtu usingizi. Hiyo ndiyo alama ninayoitafuta. Pale ambapo swali la nani hasa aliyebaki halimuumizi yeyote, hatuko tena kwenye eneo la watu.

Kuna vitu vya kibinadamu vinavyogawanyika vizuri kama airisi, na lazima tuvikubali, maana vinatuchanganya. Wilaya ni mojawapo. Halmashauri ya Itigi ilipomegwa kutoka Manyoni, jina la Manyoni lilibaki upande mmoja, lakini ardhi ya Itigi haikuwa imepotea, wala watu wake hawakupungukiwa chochote cha kiwilaya. Kanisa Anglikana lilifanya vilevile: Dayosisi ya Rift Valley, yenye mizizi yake Kilimatinde juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ilianza 1991 kwa kugawanywa Dayosisi ya Central Tanganyika, ambayo nayo ilianzishwa 1927 kutoka ile ya Mombasa. Siku ya kugawa dayosisi huimbwa nyimbo na kuchinjwa ng'ombe. Ukoo nao hugawanyika. Tawi likihamia upande wa pili wa mbuga, baada ya vizazi viwili ni ukoo kamili wenye wazee wake na utani wake. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba ukoo haufi, amesema kweli. Kosa huanza anapoichukua sifa ya ukoo na kumvisha baba mmoja aliyelala kaburini.

Maandiko yenyewe, ukiyasoma kwa jicho la mkulima, hayafanyi kosa hilo. Paulo aliishi katika nchi za mizabibu, mitini na mizeituni, miti ambayo huzalishwa kwa kukata matawi, kupanda vichipukizi na kupandikiza. Alizijua kazi hizo. Katika sura ya 11 ya Warumi anatumia tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa kwenye shina jema. Lakini hapo anazungumzia mataifa na Israeli, yaani vikundi. Alipofika kwenye sura ya 15 ya Wakorintho wa Kwanza, na swali likawa wafu wanafufuliwaje, tawi amelitupa na ameshika punje. Punje huzikwa moja moja, na kila moja, anasema Paulo, Mungu huipa mwili wake. Injili ya Yohana ina mpangilio uleule: chembe ya ngano ya sura ya 12 inahusu kifo cha mmoja, mzabibu na matawi ya sura ya 15 ni habari ya jumuiya. Chipukizi la Isaya linalotoka katika shina la Yese ni nyumba ya kifalme inayorudi, Yese mwenyewe hakurudi. Sidai kwamba waandishi hawa walikaa kikao wakakubaliana. Nasema tu kwamba watu waliokuwa na mikono yenye udongo walijua kwamba tawi na punje hufundisha mambo mawili tofauti. Ni kweli kwamba mtaalamu wa leo atasema punje haifi, kiini chake kiko hai muda wote. Hilo haliathiri hoja, kwa sababu kinachohitajika kwenye mfano ni upekee wake: punje ya mtama imetokana na mchanganyiko mpya wa chavua na yai, wakati rando ni kiungo cha mama yake. Na Kurani, katika sura ya 13 aya ya 4, inataja mitende inayotoka shina moja na ile iliyo peke yake, yote ikinyweshwa maji yaleyale lakini ikitofautiana kwa ladha. Inaiweka kuwa ishara kwa wenye akili. Lakini inapofika Siku ya Kiyama, sura ya Maryam aya ya 95 inaeleza kwamba kila mmoja atafika mbele ya Mungu peke yake. Mashina ya pamoja yamebaki shambani.

Ndani ya Ukristo kuna aliyetaka kuichukua njia ya tawi hadi mwisho. Tertuliani wa Karthago, mwanzoni mwa karne ya 3, alifundisha kwamba roho ya kila mtu hutoka katika roho ya wazazi wake kama chipukizi linavyotoka kwenye shina, na kwamba shina la wote ni Adamu. Fundisho hilo lina mvuto wake, kwa sababu linaeleza kirahisi jinsi dhambi ya wa kwanza inavyofika kwa wa mwisho. Mkulima wa muhogo anaelewa mara moja. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao H. H. Storey wa Amani aliueleza mwaka 1936, husafiri ndani ya pingili. Ukikata mbegu kwenye mmea mgonjwa, umepanda shamba gonjwa, hata majani yakionekana mazuri, na utagundua siku ya kuvuna utakapokata muhogo na kukuta ndani yake mabaka makavu ya kahawia. Tertuliani angependa mfano huo. Lakini Ezekieli, katika sura ya 18, alikuwa ameshaukataa: watu walikuwa na methali ya baba waliokula zabibu kali na watoto wakashikwa na ganzi ya meno, naye akaambiwa methali hiyo isisemwe tena katika Israeli. Mtoto hachukui hatia ya baba yake. Agostino alisitasita maisha yake yote kati ya fundisho la Tertuliani na lile la kwamba kila roho huumbwa upya. Kanisa Katoliki liliamua kwamba kila roho huumbwa na Mungu moja kwa moja, na Papa Pius XII alilirudia hilo mwaka 1950. Kwa hiyo wanaomwambia mjane kwamba mumewe yumo ndani ya watoto, wengi wao bila kujua wanamhubiria Tertuliani, na inafaa wajue kwamba dawa hiyo ina bei: ikiwa baba yumo ndani ya mtoto kwa namna ile, basi hata makosa yake yamo.

Pingamizi zito zaidi linatoka nyumbani. Utasikia kwamba haya yote ni mawazo ya Wayunani na Waarabu, na kwamba Mwafrika amejua siku zote kuwa mtu ni ukoo wake. Ndiyo maana mjukuu hupewa jina la babu. John Mbiti, kasisi wa Kianglikana kutoka Kenya, ndiye aliyeitetea fikra hiyo mbele ya dunia katika kitabu chake cha 1969, African Religions and Philosophy, na alitumia maneno yetu wenyewe, sasa na zamani. Lakini msome kwa makini. Kwa Mbiti, aliyefariki hubaki karibu maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, wanaomjua uso, wanaomwita. Wa mwisho wao akishakufa, marehemu huzama katika zamani na kuwa mmoja wa roho zisizo na jina. Ikiwa kuendelea kwa ukoo kungekuwa ndiko kuendelea kwake, kuzama huko kusingekuwa hasara yoyote, kwa kuwa ukoo bado upo na pengine umeongezeka mara kumi. Desturi hii inajua kwamba kuna mtu anayepotea, na jina analopewa mjukuu ni juhudi ya kumchelewesha. Zaidi ya hayo, mjukuu aitwaye kwa jina la babu hutaniwa, huitwa mume na bibi yake, watu hucheka. Wangeamini kwamba ni babu kweli, kicheko kingetoka wapi?

Injili inayo hadithi inayoangukia palepale. Masadukayo, ambao hawakuamini ufufuo, walimletea Yesu kisa cha mwanamke aliyeolewa na ndugu saba mmoja baada ya mwingine kwa sababu kila mmoja alikufa bila mtoto. Kurithi wajane, desturi iliyojulikana pia katika makabila mengi ya Tanzania, ilikuwa na kusudi hilo hasa: kumwinulia marehemu mzao ili jina lake lisifutike. Kwa mtu anayekana ufufuo hilo ndilo tumaini pekee lililobaki, na swali la Masadukayo lilikuwa na hila ndani yake, maana walitaka kuonyesha kwamba ufufuo ni upuuzi: siku hiyo mwanamke yule angekuwa mke wa nani kati ya wale saba?. Jibu la Yesu liliacha uzao kando na likataja watu watatu kwa majina, Ibrahimu, Isaka na Yakobo. Walikuwa baba, mwana na mjukuu. Kama kuendelea kupitia watoto kungetosha, kumtaja wa kwanza peke yake kungekuwa kumewataja wote. Upande wa Uislamu, Hadithi maarufu inasema amali za mtu hukatika akifa isipokuwa tatu: sadaka inayoendelea, elimu inayonufaisha na mtoto mwema anayemwombea. Wengi huinukuu kama ushahidi kwamba mtu huishi kupitia mtoto. Mimi naiona inasema kinyume chake. Mtoto anamwombea baba, hivyo wako wawili. Na baba yuko mahali ambapo maombi bado yanamfaa, kwa hiyo hakuhamia ndani ya anayeomba.

Mwenye elimu ya uzazi atasema nimeharakisha, kwani hata binadamu hugawanyika. Mapacha wanaofanana hutoka katika yai moja lililorutubishwa, ambalo katika siku za mwanzo, zisizozidi wiki mbili hivi, lilijigawa. Alikuwepo mmoja, sasa wapo wawili. Je, yule mmoja amekufa? Ni swali gumu na sitaki kulipita kijanja. Ninachokiona ni kwamba wanaoliuliza wanakubali kipimo nilichotumia: hakuna aliyewahi kumlilia yule mmoja. Hilo linaashiria kwamba pale ambapo mgawanyiko bado unawezekana, ni vigumu kusema tayari kuna mtu fulani wa kupotezwa. Waislamu wana Hadithi ya malaika anayepuliza roho baada ya siku 120, kwa hiyo hapa hawana kikwazo. Wakatoliki wanaweza kukiona, lakini waraka wa Vatikani wa 1987 uitwao Donum Vitae ulikuwa mwangalifu: ulidai uhai wa binadamu uheshimiwe tangu mimba inapotungwa, huku ukisema wazi kwamba Kanisa halijatoa tamko la kifalsafa kuhusu wakati roho inapoanza kuwepo. Kuheshimu kitu na kujua ni nani ni mambo mawili. Anayelinda marando wakati wa kiangazi anajua hilo kwa namna yake.

Mpinzani ninayemheshimu kuliko wote ni mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit. Katika Reasons and Persons, kitabu cha 1984, anawazia mtu ambaye nusu mbili za ubongo wake zinapandikizwa katika miili miwili, na wote wawili wanaamka wakikumbuka utoto uleule. Hawezi kuwa wote wawili, hawezi kuwa mmoja wao tu, na bado, anasema Parfit, haliwezi kuwa jambo baya kama kufa. Kwa hiyo kuwa mtu yuleyule si jambo muhimu sana. Muhimu ni kumbukumbu na tabia ziendelee. Parfit aliliona wazo hili kuwa faraja na akasema lilimpunguzia hofu ya kifo. Ni kama amekubali kuwa airisi. Siwezi kumkanusha mtu anayezungumzia hofu yake mwenyewe, lakini misiba ina upande wa pili. Makaburini kwetu, kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia husimama na kutangaza kwamba anayemdai marehemu awaone wanafamilia, halafu anaongeza kwamba kama marehemu alimkosea mtu, asamehewe. Matangazo hayo mawili hutolewa kwa pumzi moja, na tofauti yake ni kubwa. Deni la magunia mawili ya alizeti mtoto mkubwa anaweza kulilipa, na likishalipwa limekwisha. Mali hugawanyika, nayo madeni hugawanyika. Kosa halilipiki hivyo. Mtu aliyedhulumiwa shamba au aliyevunjiwa heshima anaweza kurudishiwa shamba na watoto, lakini kusamehe atamsamehe yule aliyezikwa. Akimgeukia mtoto na kumwambia nimekusamehe kwa alilofanya baba yako, atakuwa amemtukana. Na kama kumbukumbu zote za marehemu zingekuwa ndani ya watu wawili walioendelea kuishi, kama Parfit anavyowazia, aliyekosewa angebaki amesimama katikati yao bila kujua amtazame nani. Msamaha unahitaji anwani moja. Anayeamini hukumu na rehema, iwe ya Mungu au ya watu, hawezi kuiacha anwani hiyo ifutwe.

Litabaki swali la mwisho: kama tumaini la mti si letu, kwa nini tuhangaike na miti, watoto na ukoo? Nafikiri wanaouliza hivyo wamedhani kwamba kitu hutunzwa tu kwa kuwa kinatuongezea siku. Ipo Hadithi iliyopokewa na Ahmad na pia na Bukhari katika al-Adab al-Mufrad, inayomhusu mtu ambaye Kiyama kinamkuta ameshika mche wa mtende mkononi. Mche unaotajwa ni kile kichipukizi kinachong'olewa ubavuni mwa mtende mama, yaani mmea uliogawanywa, wa aina ileile tuliyoanza nayo. Anaambiwa kwamba akiweza kuupanda kabla hajasimama, aupande. Mtende huchukua miaka hata uzae tende, na hapo haijabaki hata siku. Hakuna mjukuu atakayekula, hakuna ukoo utakaokaa kivulini mwake, na mpandaji hatabaki ndani ya mtende kwa sababu mtende wenyewe unaondolewa pamoja na dunia. Sababu zote za kuendelea zimeondolewa makusudi, moja baada ya nyingine, na amri imebaki. Mtu huyo anafukia mche akijua kwamba dakika inayofuata ataulizwa yeye, kwa jina lake, peke yake.